Barua Iliyolala Siku Tatu

Sehemu ya saba

"Nani alikaa na barua yangu siku tatu?"

Wiki iliyopita tulimwacha yule mama, fundi cherehani, amesimama mbele ya kaunta na swali hilo mdomoni. Upande wa pili wa kioo, ameketi Mama Pacha.

Uliyekosa gazeti la nyuma, shika haya machache. Ofisi hii inauza safari za meli kubwa za starehe, zile zenye vyumba kama hoteli. Mama Pacha ni karani wa dawati la kughairi, mjane mwenye mabinti pacha wa sekondari. Fundi na mumewe, dereva mstaafu wa treni, walijinyima miaka tisa wakanunua chumba kimoja cha watu wawili. Kisha moyo wa mzee ukaanza kugoma. Fundi akaandika barua ya kughairi, fedha zirudi zikalipie upasuaji.

Kanuni ya kampuni inasema hivi: ghairi mapema, urudishiwe chako. Zikibaki pungufu ya siku arobaini na tano meli ing'oe nanga, hupati hata senti. Barua ya Fundi ilifika Ijumaa, zimebaki siku arobaini na sita. Ikagongwa muhuri Jumatatu, zimebaki arobaini na tatu.

Aliyeilaza barua hiyo ni Mama Pacha.

"Nijibu, mwanangu," Fundi alisema. Hakupaza sauti. "Daftari la getini linasema Ijumaa saa tisa. Muhuri wenu unasema Jumatatu. Mimi kazi yangu ni kupima, napima mabega ya watu tangu sijaolewa. Sikosei siku tatu."

Kwenye foleni nyuma yake watu walisogea karibu wasikie. Mwanamume mmoja mwenye shati la kazi lililojaa unga wa ngano akakohoa.

Mzee wa Geti ndiye aliyemwonyesha lile daftari, na hakuruhusiwa. Sasa alikuja na kiti, kiti chake mwenyewe, akakiweka nyuma ya Fundi. "Kaa, mama. Miguu haina kosa."

Fundi akakaa. Kwenye dawati la jirani, karani wanayemwita Kidoti alinyoosha mguu chini ya meza, akamkanyaga Mama Pacha polepole. Maana yake: nyamaza.

"Mama," Mama Pacha alianza, "barua huwa zinapita mikono mingi..."

"Yangu ilipita mkono gani?"

Mama Pacha aliitazama ile sura. Ilikuwa sura ya mtu ambaye hajalala, lakini amechana nywele na kuvaa gauni lililopigwa pasi. Uongo ukamkwama.

"Ulikuwa mkono wangu," alisema. "Ni mimi niliyeilaza."

"Kuilaza ndiyo nini?"

"Kuiweka kwenye droo mpaka siku ya pili, bila muhuri."

"Kwa nini? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Nilidhani nakusaidia."

Ni kweli, wasomaji wangu, ingawa ni ukweli mchungu. Ofisi ile ilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Karani mzee aliyemwachia Mama Pacha dawati alimfundisha siku ya kwanza: "Barua ya kughairi ilaze usiku mmoja. Watu huandika kwa hasira, wakaamka kwa majuto. Ukishagonga muhuri, chumba kimekwenda." Na kweli wengi waliokolewa na ile droo. Kuna bwana harusi aliyeghairi adhuhuri, akarudi jioni macho yamevimba, akakuta chumba chake bado kipo. Alimbusu Mama Pacha mkono mbele ya watu.

Barua ya Fundi ilikuwa na mistari miwili tu. *Tumebadili mawazo kuhusu safari. Tafadhali turudishieni fedha yetu.* Mama Pacha aliisoma akatabasamu. Wazee wamegombana hawa, alisema moyoni. Kesho watapatana. Akaitia kwenye droo, akafunga ofisi. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mtu mwenye akili zake timamu, miaka kumi na mmoja kazini, akasahau kwamba ni Ijumaa.

"Ulidhani tumegombana," Fundi alisema baada ya kusikia yote.

"Hukuandika kwamba mzee anaumwa."

"Niwaandikie watu nisiowajua kwamba mume wangu anakufa? Mnionee huruma?" Alivuta pumzi. "Miaka arobaini hatujagombana zaidi ya dakika kumi. Leo nasikia tuligombana siku tatu, tena ndani ya droo yako."

"Hospitali wanataka malipo yathibitishwe leo jioni," Fundi aliendelea. "Zamu yake ni kesho asubuhi. Tukishindwa, zamu anapewa mwingine. Yetu itakuwa baada ya wiki tano, na daktari ameniambia hizo wiki tano mzee hana. Nirudishie siku zangu, mwanangu. Siombi kitu kingine."

Mama Pacha alisimama. Akachukua ile barua, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa meneja.

* * *

Meneja, makarani wanamwita Bwana Kanuni, lakini si mbele yake. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akammiminia maji kwenye bilauri, akamsogezea. Tumpe haki yake, alimpa maji.

"Kosa ni langu, Bosi," Mama Pacha alisema. "Yaani ni kosa la kampuni. Barua ilifika kwa wakati. Mlipeni yule mama, mimi mnifanye mtakavyo."

"Walipewa nafasi ya kukata bima ya safari. Walikata?"

"Hawakukata. Watu waliojinyima miaka tisa wanunue na bima?"

Bwana Kanuni alifungua kijitabu, akalowesha kidole, akageuza kurasa. "Kifungu cha kumi na tisa. 'Kampuni haitawajibika kwa ucheleweshaji wowote, uwe wa posta, wa mtandao au wa mtumishi wake.' Wa mtumishi wake, Mama Pacha. Ni wewe huyo."

"Kwa hiyo nikikiri?"

"Ukikiri unapoteza kazi."

"Na yeye?"

"Hapati kitu. Kukiri kwako hakumsaidii. Ungekuja kuniuliza kabla hujasema mbele ya foleni, ningekushauri unyamaze."

Mama Pacha alisukuma bilauri pembeni. Alikuja kujitoa kafara, na sasa anaambiwa hata kafara yenyewe haihitajiki.

"Bosi, nikumbushe jambo moja. Mwaka jana sisi wenyewe tulifuta bandari mbili kwenye ratiba, zimebaki siku nne tu kabla ya safari. Abiria walirudishiwa nini?"

Bwana Kanuni alitazama dirishani. "Kofia."

"Kofia!"

"Kofia zenye nembo. Mama Pacha, sikuitunga mimi. Sheria ni msumeno."

"Msumeno hukata mbele na nyuma. Huu wetu unakata watu tu, kampuni hauigusi hata ngozi."

Yule bwana hakukasirika. Alionekana mtu aliyesikia maneno hayo zamani, pengine kutoka kinywani mwake mwenyewe. Akafunga kijitabu.

"Saa kumi kamili jioni unikabidhi funguo na kitambulisho. Mpaka saa hiyo bado u mtumishi wa kampuni." Akasita. "Mabinti zako wako kidato cha ngapi?"

"Cha tatu."

"Pole," alisema, na akainamia karatasi zake.

* * *

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo. Mama Pacha alirudi kwenye dawati lake akaanza kutoa vitu: kikombe, sweta, picha ya mabinti. Kidoti alimshika kiwiko.

"Dada, acha kufungasha. Leo zimebaki siku ngapi meli iondoke?"

"Ishirini na nane."

"Wiki nne kamili. Mlango wa kughairi umefungwa, sawa. Wa kubadili majina unafungwa leo saa kumi!"

Mama Pacha aliweka kikombe chini. Kubadili majina lilikuwa dawati la Kidoti, yeye hakuwahi kulifikiria. Kanuni inamruhusu aliyenunua chumba kufuta majina ya wasafiri na kuandika mengine, mpaka wiki nne kabla ya safari. Fundi hawezi kuirudishia kampuni chumba. Lakini anaweza kumpa mtu mwingine, na mtu huyo akamlipa.

"Meli imejaa," Kidoti alinong'ona. "Wanaosubiri ni sitini na kitu. Orodha ninayo hapa."

"Si tumekatazwa kuwakutanisha wateja?"

"Tumekatazwa. Kampuni inataka chumba kirudi kwake ikiuze upya. Chumba kimoja, bei mbili." Kidoti alikuwa na mimba ya miezi saba, na jasho lilimtoka puani. "Ngoja nipige simu."

"Wewe hupigi. Una mzigo wa kulea. Mimi maji nimeshayavulia nguo. Lete hiyo simu."

Wa kwanza hakupokea. Wa pili alikuwa amekwishanunua kwingine. Wa tatu alifoka kwamba amechoka kusubiri na akakata. Wa nne ni mwenye kiwanda cha magodoro, anamwoza binti yake mwezi huu.

"Nafasi mbili?" aliuliza. "Si moja?"

"Mbili, mzee. Chumba chenye dirisha."

"Maana mmoja wenu alinipigia wiki jana ana nafasi moja. Nikamuuliza, nani anaenda fungate peke yake?"

"Hizi ni mbili. Ila kuna masharti. Fedha yote uilipe hospitali moja kwa moja, leo, kwa simu. Mwenye chumba ni mgonjwa."

Kisha yule mzee akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mgonjwa wa nini?"

"Moyo."

"Nitalipa. Nionyeshe fomu yenye saini na majina ya watoto wangu wote wawili kabla ya saa kumi, nalipa papo hapo. Wote wawili, mama. Nikipata mmoja sinunui."

Mama Pacha alitoka mbio kwenda alikokaa Fundi akamweleza. Alitegemea kuona furaha. Fundi alishika kitambaa cha gauni lake, akaanza kuvuta uzi ambao haukuwapo.

"Nani anasaini?" aliuliza.

"Barua ya kughairi huandika yeyote kati ya wasafiri, ila fomu hii husaini aliyenunua chumba. Mzee. Asaini mbele ya karani, nami mpaka saa kumi bado ni karani."

"Hajui," Fundi alisema.

"Hajui nini?"

"Hajui kama niliandika barua. Nilimwambia upasuaji unalipwa na mafao ya reli. Ana picha ya meli kwenye kabati la wodini, kila anayekuja anamwonyesha dirisha letu. Mwanangu, ile picha ndiyo inayomlisha. Chakula hali."

"Basi leo itabidi ajue, mama."

"Hospitali ni mbali."

Yule mwanamume mwenye unga kwenye shati alikuwa wa pili kwenye foleni sasa. Alikuwa amesimama tangu saa nne asubuhi, na yeye ana la kwake la kubadili, na saa yake ni hiyohiyo. Akatoka kwenye mstari.

"Nina gari la mikate hapo nje," alisema. "Twendeni."

"Na shida yako?" Mama Pacha aliuliza.

"Yangu ni kaka kukosa likizo. Hakuna anayekufa." Akakamata mkoba wa Fundi kama mtoto anayembebea mama yake. "Kaeni mbele, nyuma kuna trei."

* * *

Saa tisa na dakika ishirini walifika kwenye mlango wa wodi. Fundi akasimama ghafla.

"Siwezi," alisema. "Nimemdanganya wiki tatu. Nikiingia atanisoma usoni. Nenda wewe."

Mama Pacha aliingia peke yake.

Dereva alikuwa mtu mrefu aliyepungua mpaka vazi la hospitali likampwaya. Dripu mkononi, mashine kando ikihesabu mapigo kwa sauti ndogo. Kwenye kabati, picha ya meli. Aliona kitambulisho kwenye shingo ya Mama Pacha, akatabasamu.

"Wa meli! Mmekuja kunionyesha chumba au kuniuliza nalala ubavu gani?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa. Nikwambie kitu cha kuchekesha? Miaka thelathini na nne nimewavusha watu milima na mabonde, sijawahi kukaa dirishani. Dereva hutazama mbele tu. Nikamwambia mke wangu, na mimi sasa niendeshwe."

Mama Pacha alikaa. Akaitoa fomu, akamwambia yote kama yalivyo: barua, droo, Ijumaa, mafao ya reli ambayo hayakulipa, mwenye magodoro, saa kumi.

Alingoja mzee atahayari. Au alie.

Mzee alitikisa kichwa kidogo. "Mafao ya reli hayajawahi kulipa hata panadoli," alisema. "Nilijua, binti yangu. Fundi wangu akidanganya huvuta uzi kwenye gauni, na uzi haupo. Wiki tatu anavuta. Nikasema nimwache, maana anajisikia vizuri akidhani ananificha."

"Kwa hiyo utasaini?"

"Nesi!" mzee aliita. "Niazime kalamu."

Nesi alichomoa kalamu iliyokuwa nyweleni, akaifuta kwa aproni, akampa. Akamwekea mto chini ya kiwiko asitetemeke. Kisha akageukia kitanda kingine, asionekane anasikiliza.

Mzee aliandika polepole. Fomu ina mistari miwili: jina linalofutwa na jina linaloingia, kisha tena jina linalofutwa na jina linaloingia. Chini kabisa, saini. Akasaini, akaikabidhi.

Mama Pacha aliisoma. Akaisoma tena.

"Baba, umefuta jina lako tu."

"Ndiyo."

"Mstari wa pili uko wazi. Jina la mama bado lipo."

"Ndiyo hivyo. Kiti changu nimekiuza. Chake hakiuzwi."

"Mnunuzi anataka viwili! Na hata angenunua kimoja, nusu ya fedha hospitali hawaipokei."

"Najua."

"Basi upasuaji hautakuwapo!"

Mzee alifumba macho. Mashine ilihesabu, ilihesabu. "Daktari ni mtu mkweli. Aliniambia nusu kwa nusu. Ukifaulu, huenda ukapata mwaka. Yeye amekaa kwenye kigoda cha cherehani miaka arobaini, anawashonea watoto wa watu nguo za shule. Hajaona maji makubwa zaidi ya beseni la kufulia. Nichukue kiti chake ninunulie mwaka wa kulala hapa ananilisha uji? Sitaki."

"Ungemuuliza yeye anataka nini."

"Nikimuuliza atauza." Alifumbua macho, na sasa yalikuwa na maji. "Wewe ulilaza barua yetu kwa wema. Sikulaumu. Nami niachie wema wangu. Mwambie nimesaini. Usimwambie nimesaini nini."

* * *

Kwenye korido Fundi aliinuka kabla mlango haujafunga.

"Amesaini?"

Mama Pacha alifungua kinywa. "Amesaini," alisema.

Fundi alimwangukia begani. Hakulia kwa sauti, alitetemeka tu kama cherehani linalozunguka bila kitambaa. "Mungu akupe, mwanangu. Akulindie hao pacha. Nilikuchukia pale kaunta, unisamehe." Akajifuta kwa kiganja. "Ngoja nikamwambie keshia fedha inakuja, asije akafunga dirisha." Akaenda nusu mbio, viatu vikimpwaya.

Simu ya Mama Pacha ikalia. Ni Kidoti.

"Dada, dakika kumi na nane! Mwenye magodoro nimemweka kwenye laini nyingine. Piga fomu picha unitumie, naingiza majina, analipa. Bosi yuko chumbani kwake, amefunga mlango, sijui kwa nini leo amefunga. Haraka!"

"Ngoja," Mama Pacha alisema.

Akaiegemeza fomu ukutani. Mstari wa pili ulikuwa mweupe kabisa, na saini ya mzee ilikuwa chini yake tayari. Fomu hiyo aliijua kuliko kiganja chake. Herufi za mzee zilikuwa kubwa, zimelala kulia, mtu yeyote angeweza kuziiga. Jina moja la kufuta, jina moja la kuingiza. Kazi ya nusu dakika. Mzee angepasuliwa asubuhi bila kujua, na akiamka, basi amekwishaamka.

Asipoandika, atakuwa ametii wasia wa mgonjwa, na mgonjwa atakufa ndani ya wiki tano.

Kalamu ya nesi alikuwa ametoka nayo bila kukumbuka. Akaishika. Akaweka ncha kwenye mstari. Herufi ya kwanza ikatoka vizuri, imelala kulia.

"Dada? Dakika kumi na tano."

Akaandika ya pili.

"Mbona unaandika, mwanangu?"

Fundi alikuwa amerudi. Alisimama hatua tatu nyuma yake, karatasi ya keshia mkononi.

"Si umesema amesaini?"

Wapo watu ambao wangepata jibu hapo hapo. *Nilikuwa najaza tarehe, mama.* Jibu hilo lilimjia Mama Pacha mpaka kwenye ulimi, tamu na jepesi. Lingemwokoa Dereva. Lingempa Fundi usiku mmoja wa usingizi.

Akakumbuka kwamba hata ile Ijumaa jambo lilikuwa jepesi. Aliamua mwenyewe wazee wale wanahitaji nini, akafunga droo. Na mzee naye, kitandani pale, amekwisha kumwamulia mkewe. Kila mtu anamtendea wema yule mama, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

"Soma mwenyewe, mama," alisema, akampa fomu.

Fundi aliisoma kwa kidole, neno kwa neno. Alifika kwenye jina la mumewe lililofutwa. Alifika kwenye mstari wa pili. Kidole kikasimama kwenye herufi mbili za wino mbichi.

"Hizi ni zako?"

"Ni zangu. Yeye hakutaka kukiuza kiti chako. Anasema upande ile meli."

"Na upasuaji?"

"Amesema basi."

Uso wa Fundi haukubadilika. Alikunja fomu mara moja, mara ya pili, akaibana kwenye kiganja. Akapita mbele ya Mama Pacha, akasukuma mlango wa wodi, ukajifunga nyuma yake.

"Dakika kumi na moja," Kidoti alisema kwenye simu. "Dada, sema kitu. Mzee wa magodoro anasema yuko radhi, kidole kiko kwenye kitufe."

Mama Pacha aliweka sikio karibu na mlango. Kisha ikaja sauti ya Fundi, ile sauti ambayo haikupanda mbele ya kaunta, wala mbele ya foleni, wala mbele ya aliyeilaza barua yake. Sasa ilipanda mpaka wagonjwa wa vitanda vya mbali wakageuza shingo.

"Nani alikwambia nataka kuona bahari peke yangu? Nani? Ulinisikia wapi nikisema? Shika kalamu!"

Mzee alijibu kitu kwa chini. Fundi akamkatiza.

"Nitakaa dirishani nimwonyeshe nani? Andika! Andika, mume wangu, nakuomba, andika..."

Kisha kitu kizito kikaanguka sakafuni. Mashine iliyokuwa ikihesabu polepole ikaanza kulia mfululizo, bila kupumua. Nesi akapita mbio, akausukuma mlango kwa bega. Kwa sekunde moja ulipokuwa wazi Mama Pacha aliona mgongo wa Fundi, amepiga magoti, na mkono mrefu wa mzee ukining'inia nje ya kitanda.

Mlango ukajifunga tena.

"Dada, zimebaki dakika saba," Kidoti alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya kulia. "Nimwambie nini huyu baba?"

Mama Pacha alitazama kiganja chake. Kalamu alikuwa nayo yeye.

Fomu ilikuwa ndani.